Madaraja Saba na Jedwali la Mishale

Mji wa Königsberg, katika ufalme wa Prusia, ulijengwa mahali ambapo mto Pregel ulijigawa mikono miwili na kuvizunguka visiwa viwili, kimoja kidogo kiitwacho Kneiphof na kimoja kikubwa, upande wa mashariki, kiitwacho Lomse; na kwa kuwa hakuna mji wa biashara uwezao kustawi ilhali mitaa yake imetengwa na maji, wenyeji walijenga madaraja saba ya kuviunganisha visiwa hivyo viwili na ng'ambo mbili za mto, ya kaskazini na ya kusini. Yasimuliwa kwamba watu wa mji ule walikuwa na swali la kupitishia wakati: je, mtu aweza kutoka kwake, akavuka kila daraja mara moja, asirudie hata moja wala asiache hata moja? Waliojaribu kwa miguu hawakufaulu. Lakini hawakuweza kusema kwa yakini kuwa jambo lenyewe ni muhali, maana kushindwa kwa watu elfu si ushahidi kwamba mtu wa elfu na moja naye atashindwa.

Swali hilo lilimfikia Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Basel katika Uswisi, ambaye siku hizo alikuwa akiitumikia Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg. Euler hakulistahi sana swali lenyewe. Katika barua aliyompelekea Ehler, mkuu wa mji wa Danzig, alieleza kwamba haoni kwa nini jambo kama hili litazamiwe kufumbuliwa na mwanahisabati kuliko mtu mwingine ye yote, maadam ufumbuzi wake wategemea akili tupu wala hauhitaji kanuni yo yote ya hisabati iliyojulikana. Hata hivyo jambo lisilohitaji kanuni iliyojulikana huenda likawa ladai kanuni ambayo bado haijazaliwa. Mwezi wa Agosti, 1735, aliisomea Akademia makala yake juu ya madaraja ya Königsberg, makala yaliyotiwa katika juzuu ya mwaka 1736 na kutoka mitamboni mwaka 1741.

Kazi ya Euler ilikuwa kazi ya kuondoa. Aliondoa urefu wa madaraja na upana wa mto. Aliondoa makanisa, maghala na mitaa. Aliondoa hata umbo la visiwa. Akabakiza nchi nne alizozipa herufi nne, na madaraja saba yaliyoziunganisha. Kisha akafikiri hivi: msafiri aingiapo katika nchi kwa daraja moja sharti atoke kwa daraja jingine, kwa hiyo madaraja ya kila nchi hutumika mawili mawili, isipokuwa katika nchi ya kuanzia safari na nchi ya kumalizia, basi nchi yenye madaraja ya idadi witiri haiwezi kuwa ila mwanzo au mwisho wa safari, na nchi za namna hiyo haziwezi kuzidi mbili. Kneiphof ilikuwa na madaraja matano, ng'ambo ya kaskazini matatu, ng'ambo ya kusini matatu, Lomse matatu. Nchi zote nne ni witiri, na safari ni muhali, awe mtembeaji kijana au mzee, aanzie po pote apendapo.

Mtu wa siku zetu angaliuandika ujuzi huo katika jedwali la safu nne za kulala na safu nne za kusimama: katika safu ya Kneiphof angalitia 2 chini ya jina la kaskazini, 2 chini ya kusini na 1 chini ya Lomse, jumla yake 5, na safu nyingine tatu, kila moja ingalitoa jumla ya 3, na jumla ya majumla, 14, ingalikuwa mara mbili ya madaraja saba, kwa kuwa kila daraja huhesabiwa na nchi mbili. Euler hakuandika jedwali la namna hiyo, wala hakuchora ile picha ya nukta nne na mistari saba ambayo watu wengi hudhani ni yake. Picha hiyo ni kazi ya watu wa mwishoni mwa karne ya 19. Lakini alikwisha kuweka msingi ambao juu yake majedwali na picha zote za baadaye zilijengwa: kwamba kizuizi hakikuwa katika miguu ya watembeaji bali katika namna nchi zilivyoungana, na kwamba mtu aweza kuujua muungano huo kwa kuhesabu, pasipo kutoka nje ya chumba chake.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla msingi huo haujapata jengo lililoustahili, na katika majengo ya kwanza moja lilitoka mji ule ule. Gustav Kirchhoff alizaliwa Königsberg mwaka 1824, akasoma katika chuo kikuu cha mji huo, na mwaka 1845, angali mwanafunzi, akatoa kanuni mbili za mkondo wa umeme ambazo hata leo hubeba jina lake. Miaka miwili baadaye alijiuliza: katika mtandao wa nyaya zilizopindana na kurudiana, ambamo mizunguko ni mingi kupita kiasi, ni milinganyo mingapi itoshayo kuijua mikondo yote? Jawabu lake lilikuwa kuchagua ndani ya mtandao nyaya chache ziviunganishazo viungo vyote pasipo kufanya mzunguko hata mmoja, umbo ambalo sisi twaliita mti. Kisha kila waya uliosalia, ukirudishwa peke yake, hufanya mzunguko mmoja tu, na mizunguko hiyo yatosha, mingine yote ni marudio yake. Na tena umeme ulileta jambo ambalo madaraja hayakuwa nalo. Daraja huvukwa kwenda na huvukwa kurudi, lakini mkondo una mwelekeo. Na mwenye kuuchora sharti atie ncha katika mstari wake, mstari ukawa mshale.

Wakati huo, katika Uingereza, watu wachache walikuwa wakiigeuza mantiki, ilmu iliyokaa mikononi mwa wanafalsafa tangu zama za Aristotle, iwe hesabu. George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, aliyejifundisha hisabati mwenyewe hata akafikia kuwa profesa katika mji wa Cork, alichapisha mwaka 1854 kitabu chake juu ya sheria za fikira, ambamo mambo yote ya kukubali na kukataa yaliandikwa kwa alama mbili, 1 na 0. Augustus De Morgan, mzaliwa wa Madurai katika Bara Hindi na profesa wa London, aliona upungufu mwingine katika mantiki ya kale: iliweza kusema kwamba farasi ni mnyama, lakini ilishikwa na kigugumizi ilipotakiwa kusema kwamba kitu hiki ni kikubwa kuliko kile, au mtu huyu ni mzazi wa yule, yaani ilijua sifa za kitu kimoja, haikujua uhusiano wa vitu viwili. Mwaka 1860 De Morgan alitoa makala juu ya mantiki ya mahusiano, na Mmarekani Charles Sanders Peirce aliipokea na kuiendeleza tangu mwaka 1870. Mshale wa mhandisi na uhusiano wa mwanamantiki vilikuwa kitu kimoja chenye mavazi mawili, ingawa wenyewe hawakuonana.

Lilibaki jedwali. Mwanafunzi mmoja aliyepita mikononi mwa De Morgan kwa muda mfupi alikuwa James Joseph Sylvester, Myahudi wa London, ambaye mwaka 1837 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa Cambridge lakini akanyimwa shahada kwa kuwa hakukubali kutia sahihi katika makala ya imani ya Kanisa la Uingereza. Riziki ilimpeleka katika kazi za bima na za sheria, na huko akakutana na Arthur Cayley, mwanasheria aliyeipenda hisabati kuliko kesi. Na wawili hao, wakitembea katika nyua za wanasheria wa London, walizungumza mambo ambayo hapana mteja aliyewalipa kuyazungumza. Mwaka 1850 Sylvester alilipa jedwali la nambari jina la matriksi, neno la Kilatini lenye maana ya tumbo la uzazi, kwa kuwa aliliona kama mama atoaye hesabu nyingine tumboni mwake. Mwaka 1858 Cayley akaonyesha kwamba majedwali yaweza kujumlishwa na kuzidishwa kama nambari, kwa sharti moja la ajabu, kwamba ya kwanza mara ya pili si lazima iwe sawa na ya pili mara ya kwanza. Na Sylvester huyo huyo, alipokuwa mzee na profesa wa Baltimore katika Marekani, mwaka 1878, akiandika juu ya picha ambazo wanakemia huzichora kuonyesha viungo vya maada, ndiye aliyezipa picha za nukta na mistari jina la grafu. Alizibatiza zote mbili, picha na jedwali, wala hakuzifungisha ndoa.

Karne ya 20 ndiyo iliyofanya harusi, na mwaka wa kukumbukwa ni 1936, miaka mia mbili baada ya ile juzuu ya Euler. Katika mwaka huo Dénes Kőnig wa Budapest, mwanahisabati mtoto wa mwanahisabati, alichapisha mjini Leipzig kitabu cha kwanza kilichoikusanya ilmu ya grafu yote mahali pamoja, na ndani yake grafu zenye mishale zilipata sura yao. Katika mwaka huo huo Wassily Leontief, kijana aliyelelewa St. Petersburg na kuhamia Marekani, alichapisha makala ya kwanza ya hesabu yake juu ya uchumi wa nchi ile. Leontief aliuona uchumi kama mtandao wa mishale: makaa ya mawe huenda kwenye chuma, chuma huenda kwenye reli, reli hubeba makaa ya mawe. Kila kazi aliipa safu moja ya kulala, ionyeshayo inawauzia akina nani, na safu moja ya kusimama, ionyeshayo inanunua kwa nani. Na mwenye jedwali hilo aweza kuuliza, tukitaka magari zaidi, ni kiasi gani cha makaa kitakachohitajika, si kile kitumiwacho na kiwanda cha magari peke yake, bali na kile kitumiwacho na mwenye chuma amwuziaye mwenye magari, na mwenye reli ambebeaye mwenye chuma, hata mwisho wa mnyororo. Mwaka 1949 alikuwa na maarifa ya kazi 500, lakini mashine ya Harvard iitwayo Mark II haikuyamudu. Akayakusanya yakawa milinganyo 42, na mashine ikafanya kazi saa 56 kabla ya kutoa jawabu. Kazi hiyo ilimpatia Nishani ya Nobel mwaka 1973.

Kőnig hakuyaona hayo. Oktoba 1944, siku chache baada ya wafuasi wa Wanazi kunyakua utawala wa Hungaria, naye akiwa wa nasaba ya Kiyahudi, alijitoa uhai.

Kwa upande mwingine, mishale ilikuwa ikiingia katika nyoyo za watu. Mganga wa nafsi Jacob Moreno, katika shule moja ya wasichana ya mji wa Hudson, jimbo la New York, aliwauliza wanafunzi kila mmoja angependa kukaa na nani, akachora mshale kutoka kwa mchaguzi kwenda kwa mchaguliwa; na katika kitabu alichokitoa mwaka 1934 ilionekana dhahiri nani amezungukwa na mishale kama asali na nyuki, na nani amekaa peke yake. Lakini picha ya watu ishirini yasomeka, na picha ya watu mia ni buibui juu ya buibui. Ndipo mwaka 1946 Elaine Forsyth na Leo Katz waliposhauri mishale iandikwe katika jedwali, na mwaka 1949 Duncan Luce na Albert Perry wakaonyesha siri iliyofichwa katika kanuni ya Cayley ya kuzidisha. Ukilizidisha jedwali la mishale kwa lenyewe, nambari itokeayo katika makutano ya safu ya mtu wa kwanza na safu ya mtu wa tatu haisemi tena kama wa kwanza amemchagua wa tatu; yasema ni njia ngapi za hatua mbili zitokazo kwa huyu kufika kwa yule. Ukizidisha mara nyingine, wapata njia za hatua tatu, na kadhalika. Habari husafiri, maradhi husafiri, deni husafiri. Na jedwali lililojua jirani wa karibu tu huanza kuwajua majirani wa majirani.

Huko Ann Arbor, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwanahisabati Frank Harary alishirikiana na mwanasaikolojia Dorwin Cartwright na mwenzao Robert Norman, wakatoa mwaka 1965 kitabu kizima juu ya grafu za mishale, wakikiita kitabu cha vielelezo vya muundo. Na miaka mitatu kabla yake Stephen Warshall alikuwa amekwisha kutoa njia fupi ya kumwezesha mtu, au kompyuta, kulichukua jedwali la 1 na 0 lenye mishale ya hatua moja na kutoa jedwali lionyeshalo kila kitu kiwezacho kufikiwa kutoka kila kitu, kwa hatua zo zote zile. Vyombo vyote sasa vilikuwa mezani. Alikosekana mtu wa kuvitumia kwa mambo yasiyokuwa umeme, chuma wala urafiki wa wasichana, bali kwa yale matatizo makubwa ambayo serikali na mabaraza huyajadili miaka nenda miaka rudi pasipo kuyamaliza.

Mwaka 1970 kikundi cha wataalamu na wakuu wa viwanda kiitwacho Klabu ya Roma kilipokea waraka juu ya hali ya binadamu, ulioandaliwa na Hasan Özbekhan akisaidiwa na wenzake, mmoja wao akiwa Alexander Christakis. Ndani yake yaliorodheshwa matatizo 49 ya dunia, nao walisisitiza kwamba hayatatuliki moja moja, kwa kuwa yameshikana. Lakini kusema kwamba mambo yameshikana ni rahisi. Kusema lipi limelishika lipi ni kazi nyingine, maana mambo 49 yana jozi 2,352 za kuulizwa, kila jozi ikihesabiwa kwa pande zake mbili. Klabu yenyewe ilifuata njia nyingine, ya Jay Forrester na wanafunzi wake, ikazaa mwaka 1972 kitabu mashuhuri juu ya mipaka ya ukuaji. Ile kazi ya kuuliza jozi kwa jozi ilimwangukia mhandisi wa umeme wa Missouri, John Warfield, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufanya kazi katika taasisi ya Battelle, mjini Columbus, Ohio. Na ndiye ambaye Christakis alikuja kushirikiana naye baadaye.

Warfield aliyasoma maneno ya mwanasaikolojia George Miller, aliyeandika mwaka 1956 kwamba akili ya mtu hushika mambo kama saba kwa wakati mmoja, yakizidi au kupungua mawili, akayachukulia kwa uzito kuliko walivyoyachukulia wanasiasa. Lau akili haiwezi kushika zaidi ya hayo, basi mtu asemaye kwamba ameyatazama matatizo thelathini kwa pamoja na kuuona uhusiano wake ajidanganya mwenyewe kabla ya kuwadanganya wenziwe. Na baraza la watu kumi wajidanganyao halina hekima kuliko mmoja wao. Dawa, kwa maoni ya Warfield, ni kumwuliza mtu jambo analoliweza. Mambo mawili tu yawekwe mbele ya baraza, na swali moja tu liulizwe: je, hili lalizidisha lile? Wajadili, wapige kura, na jibu liandikwe 1 au 0. Kumbukumbu ya mengine yote iachiwe kompyuta. Hayo aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1973 juu ya majedwali ya 1 na 0, katika risala iliyotolewa na Battelle mwaka 1974, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1976.

Na kompyuta haikuwa karani tu. Mambo thelathini yana jozi 870, na hakuna baraza livumilialo kuulizwa maswali 870. Lakini ikiwa wamekwisha kukubali kwamba la kwanza lazidisha la pili, na la pili lazidisha la tatu, basi mashine, kwa kanuni ya kupokezana ambayo De Morgan aliijua, hujaza yenyewe kwamba la kwanza lazidisha la tatu, ikaliruka swali hilo. Na kila jibu hufuta maswali mengine, hata idadi yake ikapungua ikawa ya kuvumilika.

Tuchukue mfano mdogo, ambao mtu aweza kuufuata kwa kalamu. Baraza la wilaya lina malalamiko manne: barabara mbovu, mazao yaozayo kabla ya kufika sokoni, ushuru haba, na zahanati isiyo na dawa. Wajumbe wakiulizwa watasema kwamba barabara mbovu yazidisha kuoza kwa mazao. Mazao yaliyooza yapunguza ushuru. Ushuru ukiwa haba barabara haitengenezwi. Na ushuru ukiwa haba dawa hazinunuliwi. Mishale ni minne. Tukiitia katika jedwali na kuitafutia hatua za mbali, twaona kwamba barabara, mazao na ushuru, kila kimoja chafika kwa vyote vinne, kwa kuwa vitatu hivyo vyazungukana kama ng'ombe wa kinu. Na zahanati yafikiwa na vyote lakini yenyewe haifiki po pote ila kwake. Warfield alitoa kanuni ya kupanga ngazi: kwa kila jambo, andika orodha ya mambo lifikiayo na orodha ya mambo yalifikiayo, jambo ambalo yote lifikiayo nayo hulifikia, hilo ni la ngazi ya juu, liondoe, kisha rudia kwa yaliyosalia. Zahanati yatoka kwanza, yakaa juu. Yale matatu yaliyosalia yatoka pamoja, yakaa chini katika fungu moja lisilogawanyika. Baraza lililokuwa likisikia zaidi kilio cha dawa, kwa kuwa mgonjwa hulia kuliko barabara, laona sasa kwamba zahanati ni mahali uchungu unapoonekana, si mahali unapoanzia; na kwamba ndani ya lile fungu la chini hapana mwanzo wala mwisho, yatosha kuukata mzunguko mahali pamoja, po pote palipo rahisi kukatwa.

Wahandisi nao walifika kwa njia yao. Donald Steward, aliyekwisha kuandika mwaka 1962 juu ya mifumo mikubwa ya milinganyo, alionyesha mwaka 1981 jinsi kazi za kubuni chombo ziwezavyo kuandikwa katika jedwali, kila kazi na zile inazozitegemea, kisha safu zikapangwa upya hata alama zote ziwezazo kushuka chini ya mshazari zimeshuka. Zile zikataazo kushuka hufanya vifungu, na kila kifungu ni watu ambao sharti wakae meza moja, kwa kuwa kila mmoja angoja neno la mwenziwe. Lugha ni ile ile: mishale ni ya macho, jedwali ni la mashine, na mizunguko ndiyo mahali pa taabu.

Lakini njia hii ina mtego, na waliokuwa karibu nayo waliujua. Si kila uhusiano hupokezana. Aliye mrefu kuliko mrefu ni mrefu pia, lakini baba wa baba si baba, ni babu; na rafiki wa rafiki aweza kuwa adui. Mashine haijui tofauti hiyo. Ukiipa neno lisilopokezana itajaza 1 mahali ambapo ulimwengu una 0, na jedwali litakalotoka litakuwa safi, lenye ngazi nzuri, na la uwongo. Aliyeliandikia jambo hilo makala mwaka 1980, akipambanua mahusiano ya maneno ya watu na mahusiano ya hisabati katika njia ya Warfield, alikuwa Robert James Waller, profesa wa Chuo Kikuu cha Northern Iowa. Dunia haimkumbuki kwa makala hiyo; yamkumbuka kwa riwaya ya mapenzi aliyoitoa mwaka 1992, iliyouzwa kwa mamilioni, na ambayo jina lake lataja madaraja ya wilaya ya Madison. Sijui kama kuna ilmu nyingine iliyoanza kwa madaraja na kumpa mfuasi wake sifa kwa madaraja mengine. Ila Waller alikwisha kuonya jambo ambalo mpenzi aliyeachwa hulijua pasipo hisabati, kwamba mishale miwili ifuatanayo si ahadi ya mshale wa tatu.

Na yale madaraja saba? Mwezi wa Agosti, 1944, wiki chache kabla ya kufa kwa Kőnig, ndege za Uingereza zililipua Königsberg usiku, na mji wa kale ukateketea. Prusia ya Mashariki ikagawanywa, mji ukawa wa Urusi, ukaitwa Kaliningrad. Katika yale madaraja saba, mawili yaliangamia kwa mabomu wala hayakujengwa tena. Mawili mengine yaliondolewa baadaye ili kupisha barabara kuu ipitayo juu ya Kneiphof kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Matatu yakasalia mahali pake. Hesabu basi kama alivyohesabu Euler, kwa mavuko yale tu yaliyo mahali pa yale saba: ng'ambo ya kaskazini ina mavuko mawili, ya kusini mawili, Kneiphof matatu, Lomse matatu. Nchi zilizo witiri sasa ni mbili. Lile ambalo vizazi vya watembeaji hawakulipata kwa juhudi limewezekana, wala si kwa sababu watu wa leo wana miguu bora, bali kwa sababu moto ulizigeuza 2 chache zikawa 1 katika jedwali ambalo hapana aliyeliandika. Mtembeaji aanzaye katika kisiwa kimoja aweza kuyavuka mavuko yote matano mara moja moja, mradi akubali kumalizia safari yake katika kisiwa kingine, asirudi alikotoka.